Kukaa Ukutani Pasipo Kiti

Nakumbuka Jumamosi moja ya baridi, mwanangu, nikiwa na miaka ishirini na mitatu na magoti yangu hayajajua kulalamika. Nilikuwa napanga maboksi kwenye ghala moja huku Marekani, kule Lackawanna. Mama yangu, Mungu amlaze pema, alikuwa amepooza mguu mmoja tangu tukiwa kambi ya wakimbizi Tanzania, na tulipanga nyumba ya ghorofani huku mtaa wa Riverside. Kila Jumapili nilimbeba mgongoni kushuka ngazi, twende kanisani. Hakukuwa na mwingine wa kumbeba.

Siku hiyo, wakati wa mapumziko, vijana wa ghalani walishindana kukaa ukutani: unaegemeza mgongo, unakunja magoti, unatulia kama umekalia kiti, na kiti hakipo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Waliponishangilia nilishuka chini kuliko wote, visigino juu, mikono nimeikaza mapajani, pumzi nimeifunga. Goti likauma, nikanyamaza. Nilishinda.

Kesho yake, ngazi ya tatu kutoka juu, goti lilikataa. Nilikaa kwa kishindo, Mama ananing'inia shingoni, mkono mmoja ameshika reli ya ngazi. Hakuumia. Lakini moyo wake ulinigonga mgongoni kama ngoma.

Jirani yetu wa chini, Maman Zawadi, Mkongo wa Bukavu aliyefanya kazi ya kutunza wazee, alitoka mbio akatuinua. Nilipomweleza kisa, alinigeukia.

"Mama yako iko na miguu yako tu," alisema. "Unaichezea sababu ya makofi?"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami wakuu sikuwa hata nimewauliza. Nililia. Goti lilipopona na daktari akaniruhusu kufanya mazoezi, Maman Zawadi aliniita kwake anifunze kuyapa mapaja nguvu.

"Bon, kaa pa ukuta nione."

Nikashuka kwa fujo yangu ileile. Akanigonga bega.

"Hapana! Magoti inapita vidole. Sogeza miguu mbele, upana ya mabega. Mgongo yote ishike ukuta. Shuka polepole, donc, yaani goti ikae juu ya kifundo ya mguu. Kisigino chini! Toa mikono pa mapaja. Na upumue, mutoto yangu, usikufe."

Nilihesabu kumi, mapaja yakitetemeka. "Siwezi zaidi, Maman."

"Basi inuka. Kesho tena."

Haba na haba hujaza kibaba. Theluji ilipoyeyuka nilimbeba Mama tena. Tulipofika chini alicheka: "Leo sikumwomba Mungu njiani."

Basi mwanangu, wewe na binamu zako wa Columbus mnaotumiana video za mashindano ya kukaa hivi, nisikilize, hata kama utanijibu kwa Kiingereza. Panga mgongo na visigino kwanza, kuhesabu sekunde baadaye. Usishuke kuliko mwili wako unavyoweza. Hata nusu kiti ni kiti. Mapaja yakiwaka, vumilia kidogo, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Goti likichoma, inuka bila aibu, hata kama wote wanakutazama. Nguvu uliyopewa ina watu wanaoiegemea, wengine hawajazaliwa bado.

Mungu akuimarishie mapaja, akupe na akili ya kujua pa kuishia. Kila atakayebebwa na miguu yako afike salama, nawe ufike naye.