Buluu ya Fundi Mirhamid

Fundi Mirhamid ametia rangi hariri hapa mjini kwetu Margilan tangu ujana wake, na hajakosea hata mara moja. Muulize mwenyewe. Rangi ikitoka mbaya, mkosaji ni maji, au jua, au mimi ninayemfungia nyuzi kwa kamba, palipofungwa pasishike rangi, kabla hazijaingia kwenye pipa la rangi.

Mwaka jana alianza kulalamika kwamba anauziwa hariri kuukuu. "Tazama njano hii," akaniambia, mkononi kashika kitita cheupe pe. Nikaendelea kufunga nyuzi. Kubishana naye siwezi.

Mkewe, Bi Holbuvi, hakuliacha hivyo. Alimkokota hadi kwa daktari wa macho, msichana mwenye subira ambayo mzee yule hakuistahili.

"Babu, lenzi ya jicho ni protini, kama hariri," alimwambia. "Ila protini hizi mwili haubadilishi. Ulizozaliwa nazo ndizo hizo. Umri unazivunja, zinashikamana, zinageuka njano, ukungu unaingia. Unatazama dunia kupitia hariri iliyochakaa. Tukiitoa lenzi hiyo na kukuwekea nyingine, utaona vizuri."

"Binti, umewahi kutia rangi hata soksi?"

"Sijawahi."

"Basi." Akavaa kofia yake, akatoka.

Ikafika zamu ya hariri ya harusi ya mjukuu wake, Oydin. Bibi harusi alitaka buluu ya anga. Babu akaiona imefifia, imeingia ukijani. Akaongeza nili. Akaongeza tena.

"Fundi, inatosha," nikasema.

"Wewe funga nyuzi."

Kitambaa kilipofumwa, mama wa bwana harusi alikuja kukitazama. Kwetu buluu iliyokolea huvaliwa matangani. Alikifunua, akakifunika.

"Nani kafa kwenu?"

"Macho yako, mama," Mirhamid akamjibu.

Mama yule akasema mkwe wake haingii nyumbani kwake na nguo ya msiba. Oydin akalia. Bi Holbuvi akaenda kimya kimya kununua buluu ya anga kwa Sobir, fundi wa mtaa wa pili, ambaye Mirhamid humdharau kwa kumwita mpaka-chokaa wa kuta.

Siku ya harusi Oydin alipita mbele yetu akiwa ameng'aa katika buluu ya Sobir. Mirhamid akakunja macho, akanipiga kiwiko.

"Unaiona buluu yangu? Eti imekolea. Huyo Sobir azaliwe mara mbili, hawezi kutoa buluu kama ile."

"Hawezi, fundi," Bi Holbuvi akasema, akamsogezea pilau. "Kula."