Shahada Niliyoichagua Nilipotoka Mahabusu

Wiki niliyokuwa nachagua shahada ya kusomea mtandaoni, nilimpasua mwanamke paji la uso kwa debe la kupimia maharagwe. Shahada yenyewe ilikuwa ya kusaidia watoto.

Nilikuwa nimeshafaulu mtihani wa watu wazima, ule unaompa nafasi ya kuomba chuo kikuu mtu aliyeacha shule mapema. Zilibaki shahada mbili, za vyuo viwili. Moja ilikuwa ya malezi ya watoto wa chekechea. Nyingine ilikuwa ya kazi ya jamii na ulinzi wa mtoto, na ndani yake kulikuwa na miezi ya mazoezi kwenye ofisi za ustawi, mahakamani na kwenye makao ya watoto. Mdogo wangu wa kike, ambaye ni muuguzi huko Kisoko, alikuwa ameshaniamulia.

"Dada, chukua chekechea. Utaimba na watoto, mchana uko nyumbani."

"Mimi kuimba?"

"Watavumilia. Sisi si tulivumilia?" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Hiyo nyingine itakurudisha Mulanda kila siku."

Nilijua anachosema; Mulanda ndiko tulikozaliwa. Mama alipomfuata baba kaburini, ukoo ulikaa chini ya turubai kabla waombolezaji hawajatawanyika, wakagawa watoto. Huyu aende kwa shangazi, yule kwa mjomba. Mtoto haulizwi. Nilikuwa darasa la saba. Nikasimama nikasema sisi watatu hatugawanyiki. Baba mdogo akasema basi atatuchukua wote, na shamba letu pia. Wazee wakaona amesema vizuri.

Alitupiga kwa chochote kilichokuwa karibu na mkono wake: mwiko, mnyororo wa baiskeli, mpini wa jembe. Kwa mpini alimvunja kitinda mimba wetu mfupa wa bega, kwa sababu mbuzi alikata kamba akala mihogo. Nikachukua mchi nikampiga gotini, na alipoanguka nikampiga tena. Asubuhi ileile tulishika njia ya Busia, mtoto mkono umefungwa kwa leso ya mama, na sikuketi tena darasani. Tangu siku hiyo niliamini kwamba mtoto analindwa na mtu anayepiga kwa nguvu zaidi. Niliwalea wadogo zangu kwa imani hiyo, na kwa miaka mingi ilitufaa.

Ninafanya kazi kwenye stoo karibu na mpaka. Tunakaa chini kwenye maturubai, tunachambua maharagwe kabla hayajapakiwa kwenda upande wa Kenya. Mwenzetu mmoja alikuwa akija na binti wa marehemu kaka yake, msichana wa miaka kama tisa, ambaye naye aligawiwa na ukoo. Mtoto yule alichambua haraka kuliko sisi, na shule hakwenda. Siku hiyo alichovya kidole kwenye sukari ya chai. Shangazi yake akamkamata mkono, akakibandika kiganja kwenye birika lililokuwa likichemka kwenye jiko, akakishikilia hapo. Mtoto alifungua mdomo na sauti haikutoka. Nilisikia harufu.

"Atajifunza," alisema mama mmoja, vidole vyake vikiendelea kutoa mawe kwenye maharagwe.

Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka debe likiwa mkononi, na damu ikimwingia yule mwanamke machoni, na wenzangu wakinivuta nguo kunitoa juu yake.

Kituoni kila mtu aliiona damu yake. Kidonda cha mtoto kilikuwa ndani ya ngumi.

"Afande, mwangalieni mtoto mkono," nilisema.

"Wewe nani wake?"

"Tunafanya kazi pamoja na shangazi yake."

"Basi wewe ni mshtakiwa, na mshtakiwa hanifundishi kazi. Vua viatu."

Nilitoka siku ya tatu, mdogo wangu alipokwisha kuomba msamaha kwa niaba yangu. Stooni mtoto hakuwepo. "Amevushwa," waliniambia. Hapa kwetu neno hilo linatosha. Anayetaka kumficha mtoto humpitisha njia za panya, mwendo wa dakika chache tu, na polisi wa Uganda anafunga kitabu chake. Alikuwa amepelekwa kwenye hoteli ya jamaa yao upande wa Kenya, aoshe masufuria. Kwa mkono ule.

Nilivipigia simu vyuo vyote viwili, nikauliza swali moja: mtoto akivushwa mpaka, nani anamfuata?

Kijana wa chuo cha chekechea alijibu kwa upole. "Mama, hilo ni la polisi. Sisi tunafundisha malezi."

Kwenye chuo cha pili alipokea mwalimu mwenye sauti kama ya mtu aliyekatizwa usingizi. "Kabla hujamfuata, umeandika nini?"

"Sijaandika kitu. Nilimpiga aliyemchoma."

"Basi ulimsaidia huyo aliyemchoma. Ulimpa jeraha la kuonyesha, na mtoto akabaki bila shahidi." Kisha akanieleza: maelezo ya walioona, barua ya mwenyekiti wa kijiji, halafu ofisi ya watoto ya upande alikolala mtoto. "Ukija kwetu utaandika mpaka vidole viume," alisema. "Wengi wanatukimbia kwa sababu hiyo."

Nilijaza fomu ya kwake siku hiyohiyo. Mdogo wangu hakunisemesha kwa siku mbili.

Sikungoja masomo yaanze. Nilirudi kwa yule mama aliyesema "Atajifunza", nikakaa naye nikichambua fungu lake asubuhi nzima, hadi akasema, "Lete hiyo karatasi, umenichosha." Mwenyekiti aliandika barua yake. Nilivuka kupitia lango kubwa la mpakani, bahasha kifuani.

Afisa wa watoto wa upande wa Kenya alituma watu, wakamleta mtoto, na baadaye shangazi yake aliposikia akavuka akaja, kitambaa kimefunika paji la uso.

"Mwulizeni huyo nani alinipasua hapa," alisema.

"Ni mimi," nilisema. "Nimeandika. Ukurasa wa pili."

Shangazi alinirukia nikiwa nimekaa kitini. Alinipiga mdomoni kwa kishada cha funguo za nyumba yake, mara mbili, na jino la mbele likakatika. Damu ilinijaa kinywani. Mikono yangu iliinuka yenyewe, nikaishusha, nikaikalia. Alinipiga tena sikioni kabla askari wa mlangoni hajamshika. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kukalia mikono yangu.

Afisa alifungua ngumi ya mtoto taratibu. Kiganja kilikuwa kimeoza katikati. Aliangalia kwa muda mrefu, kisha akaanza kuandika.

Walipokuwa wakitafuta gari la kumpeleka hospitali, na kutoka huko kwenye makao, mtoto alinisogelea.

"Huko naenda wanapiga?"

"Sijui. Jumatano nitakuja kuangalia."

"Wakinipiga, utawapiga?"

"Hapana. Nitaandika."

Aliutazama mdomo wangu uliovimba, na niliona kabisa kwamba jibu langu halikumridhisha.