Ngozi ya Ng'ombe Asiye na Mwenyewe

Sikuondoka Shinyanga kwa kupenda safari. Niliondoka kwa sababu ya ngozi.

Kazi yangu ni uhasibu wa uchunguzi. Watu wakigombana mahakamani kuhusu fedha, mmoja akisema zipo na mwenzake akisema hazipo, mimi ndiye ninayetumwa kuzitafuta. Nimechunguza chama cha wakulima wa pamba na karani aliyelipa mishahara ya marehemu, ila mkate wangu hasa unatoka kwenye ndoa zinazovunjika. Huko nimezoea jambo moja: kila mwanamume huanza kwa kuniambia kwamba yeye ni maskini. Mmoja aliniambia hivyo huku funguo za lori zikimlia mfukoni.

Safari hii maskini wangu aliitwa Masanja, mnunuzi wa dhahabu mwenye duka Geita. Mkewe, Mama Kulwa, anaishi hapa Shinyanga mjini, mtaa wa Ngokolo, na mabinti zao pacha. Masanja alihamia Geita moja kwa moja, akabadili laini ya simu, kisha akaja mahakamani kusema kwamba mali yao ni nyumba ya Ngokolo tu. Iuzwe, wagawane, kila mtu ashike njia yake. Alipoulizwa pesa ya dhahabu iko wapi, alisema yote imeingia shimoni. Alipoulizwa kuhusu ng'ombe, maana Msukuma mwenye pesa huulizwa ng'ombe, alisema hana hata mmoja.

Nyumba yenyewe ni ya kawaida, bati la bluu na kibaraza. Matofali yake Mama Kulwa aliyamwagilia maji kwa ndoo mwaka wa kuijenga, akiwa na ujauzito wa hao pacha. Nusu ya bei yake isingemnunulia nyumba nyingine. Angerudi kupanga chumba na mabinti wawili wanaokaribia kuwa wanawake.

Ndipo wakala wa mabasi akapiga simu kwamba kuna mzigo wa Baba Kulwa. Mama Kulwa akaenda stendi, akapewa kiroba kilichoshonwa mdomo. Alipokifungua alikuta ngozi ya ng'ombe, imekaushwa na kukunjwa. Alidhani amerogwa. Akaipakia kwenye bodaboda na kuileta ofisini kwangu, na ofisi yangu ikanuka kama machinjio hadi mteja mmoja akaahirisha miadi.

Juu ya kiroba palikuwa na namba ya simu ya aliyetuma. Nikaipiga. Mwanamume alinisalimu kwa adabu, akasema, "Mwambie Baba Kulwa yule jike wa mabaka ameumwa na nyoka, amekufa. Ngozi yake ndiyo hiyo. Nimempigia sana, hapatikani." Akataja kijiji kilichoko Chato, mtandao ukakatika.

Mimi ni mtoto wa mjini. Babu yangu alikuja na reli akafungua duka la vitambaa, na ng'ombe namjua akishakuwa mchuzi. Sikuelewa kitu. Mama Kulwa, ambaye kwao ni wafugaji, alikaa taratibu kwenye kiti cha wageni.

"Mama Zuhura," aliniambia, "mtu akikutunzia ng'ombe wako, maziwa anakunywa yeye. Ila ng'ombe akifa, anakuletea ngozi, usije ukasema amemuuza."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mume wangu hana ng'ombe hata mmoja, na ng'ombe wake amekufa."

Wakili wake alisema sauti ya simu si ushahidi. Aende mtu aone, ahesabu, aandike. Mahakama ikanipa barua ya kuombea taarifa, nami nikatafuta viatu vya kufunga.

Alfajiri nilikuwa stendi. Basi lilipita Kahama, penye majaruba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, likaendelea kaskazini kwenye vumbi jekundu na malori ya mawe. Jirani yangu, mama mfanyabiashara wa dagaa, aliniuliza naenda kununua dhahabu au kuuza. Nilimwambia naenda kutazama ng'ombe. Alinitazama viatu, akarudi kwenye simu yake.

Geita tulifika mchana. Mji huu unaongea kwa mizani. Kwenye maduka, kwenye vibanda vya chipsi, hata msikitini baada ya swala, mazungumzo hayakawii kufika kwenye gramu. Kwenye soko la dhahabu walisoma barua yangu mara mbili, wakanitolea taarifa za mauzo ya Masanja. Zilikuwa nyingi na nzuri. Mtu aliyeuza vile hajawa maskini kwa bahati mbaya tu. Lazima awe amejitahidi.

Ikabaki hoja yake ya shimo, nayo si ya kuchekwa. Wachimbaji wadogo huchimba shimo wanaloliita duara, na duara linaweza kula mtaji wa mtu miaka mitatu bila kumrudishia hata punje. Nimewahi kuona hesabu za namna hiyo, za kweli kabisa, na mwenye nazo analia. Nikachukua bodaboda hadi kwenye duara alilolitaja mahakamani.

Msimamizi wake, mtu mnene mwenye tope hadi masikioni, alinionyesha mdomo wa shimo na magogo yanayozuia kuta zake. Nilichungulia nikarudi nyuma haraka.

"Masanja?" alisema. "Huyo alileta mchele na maharage mwezi mmoja, na magogo haya ya juu. Chini huko ni magogo ya watu wengine."

"Yeye anasema pesa yake yote imeingia humu."

Alicheka na wenzake wakacheka. "Mama, hili shimo tunalidai sisi. Ingekuwa pesa yake iko humu, tungekuwa tumeshaiokota."

Nikampiga picha yeye na magogo yake, akakubali kutia sahihi maelezo. Nililala Geita nikiwa na nusu ya jibu. Pesa haikuingia shimoni. Sasa nilihitaji kujua ilikokwenda.

Asubuhi yake nilipanda gari la Chato kupitia Katoro. Ardhi huku ni ya kijani zaidi kuliko kwetu, migomba inafika barabarani, na upepo una harufu ya ziwa kabla ya kuliona. Kutoka njia kuu nilibebwa na pikipiki hadi mahali ambapo hata mwenye pikipiki alisema, sasa teremka.

Mtunza ng'ombe anaitwa Luhende. Nilitegemea mzee, nikamkuta mtu wa miaka arobaini hivi, mrefu, amevaa jezi iliyopauka. Alihama Usukuma na familia yake kutafuta malisho.

"Mwangaluka, mama," alisema. "Shikamoo."

"Marahaba, baba. Habari za hapa?"

"Mhola. Karibu. Ngozi ilifika?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza. Nilipomwambia ilifika, alishusha pumzi. Alisema wakala wa basi alimtisha kwamba ngozi zinatupwa njiani kwa harufu. Mkewe, Mama Shija, alinipa maziwa ya mgando kwenye kikombe kikubwa kuliko haja yangu, na watoto watano wakasimama kuhakikisha nakunywa.

Aliniingiza zizini. Sitasema uongo, niliogopa. Ng'ombe walikuwa zaidi ya sitini, na kila mmoja alinitazama kama mtu aliyeingia benki bila kitambulisho. Luhende alinieleza kwamba Masanja aliwaleta kwa awamu, kila baada ya mauzo mazuri, kutoka minadani. Alitaja kila awamu kwa tukio: wale waliokuja mvua za vuli zilipochelewa, hawa waliokuja mtoto wake wa nne alipozaliwa. Nililinganisha na taarifa za soko la dhahabu nilizokuwa nazo. Kila mauzo makubwa yalifuatiwa na ng'ombe.

"Na kwa nini ngozi hukuipeleka dukani kwake Geita?" nilimuuliza.

"Simu yake haipatikani. Kwake Shinyanga niliwahi kufika, nikalala, mama akanipikia. Ngozi inapelekwa nyumbani, mama. Dukani wataniandikia risiti ya nini?"

Masanja alibadili laini ili mkewe asimpate, akasahau kwamba mchungaji wake naye hatampata. Waongo wengi niliowachunguza huponzwa na kazi ya kuwakumbuka wote wanaopaswa kudanganywa.

Kisha nikaona heleni kwenye masikio ya ng'ombe, zile za usajili. Nikauliza zimesajiliwa kwa jina la nani.

"Langu," alisema Luhende. "Walipita maofisa, wakauliza nani yupo. Nilikuwepo mimi."

Kuna vitu mhasibu huona kabla ya watu wenyewe, na si vyote vinavyofurahisha. Nilimwambia ukweli, kwa kuwa nisingeweza kumwomba wa kwake nikiuficha wangu.

"Luhende, mwenzako amekula kiapo mahakamani kwamba hana ng'ombe hata mmoja."

"Wakati hawa wapo?"

"Ndiyo."

"Sasa hawa ni wa nani?"

"Kwa anavyosema yeye, na kwa heleni hizi, ni wako."

Mama Shija, aliyekuwa mlangoni mwa zizi, aliacha kukamua. Luhende aligeuka akatazama ng'ombe wale. Sijui alikuwa anaona nini, ila mimi niliona ada za shule, nyumba ya bati, na mtu ambaye hatachunga tena mali ya mtu mwingine.

"Nikija mahakamani nikasema ni wa Masanja," aliuliza, "watabaki hapa?"

"Sidhani. Wanaweza kugawanywa, wakachukuliwa."

"Na maziwa?"

"Yanaenda na ng'ombe."

Mama Shija akasema kwa Kisukuma neno refu. Nilimwachia nauli ya kuja Shinyanga ambayo mahakama hulipa mashahidi, nikamwambia tarehe ya kesi. Hakuniahidi. Alinisindikiza hadi kwenye pikipiki, akasema "Wabeja," akinishukuru kana kwamba nilikuwa nimemletea kitu kizuri. Nilijisikia vibaya, na nilijisikia hivyo hadi Geita.

Kurudi, basi lilikuwa na televisheni inayocheza ngonjera za harusi. Niliandika ripoti yangu magotini. Mauzo yalikuwepo, shimo lilikuwa halina pesa, ng'ombe walikuwepo. Kiungo kati ya dhahabu na ng'ombe kilikuwa mtu mmoja maskini ambaye ningemlaumu kidogo sana kama asingetokea. Kwetu madukani tulilelewa na msemo kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Nilikuwa nimetoka kuona mali isiyo na daftari, nami nilisubiri kuona kama itaisha bila habari.

Siku ya kesi, Masanja alivaa shati la kuazima, au lililofanana na la kuazima. Wakili wa Mama Kulwa aliwasilisha ripoti yangu. Masanja hakutikisika. Alisema ng'ombe hao anawafahamu, ni wa rafiki yake Luhende wa Chato, na heleni zinathibitisha. Mama Kulwa alinishika mkono wangu chini ya benchi akaufinya.

Mlango ulifunguliwa wakati karani anatafuta faili jingine. Luhende aliingia na kiroba begani. Alikuwa amesafiri usiku kucha. Alipoitwa na kuapishwa, hakimu alimuuliza swali moja.

"Ng'ombe walioko zizini kwako, wenye heleni za jina lako, ni wako?"

Masanja alimtazama. Sijawahi kuona mtu akimtazama mwenzake kwa kumwomba vile: kubali, uwe tajiri, tutaongea baadaye.

"Wanne ni wangu," alisema Luhende. "Wengine ni wa Baba Kulwa. Yeye anajua. Wangekuwa wangu nisingeleta hii." Akafungua kiroba, akatandaza ngozi mbele ya hakimu. Ndama alikuwa amekufa wiki ile.

Hakimu alisogeza kiti nyuma kidogo, akaandika.

Hukumu ilipotoka, Mama Kulwa alibaki na nyumba ya Ngokolo na sehemu ya ng'ombe. Masanja aliwachukua waliobaki kwa malori akawauza, na hakuniambia tena kwamba yeye ni maskini. Nilitegemea Mama Kulwa atauza fungu lake pia, maana ada zilikuwa zinamkaba. Badala yake akanituma nimpigie Luhende simu.

"Mwambie wangu wabaki kwake," alisema. "Maziwa wanywe watoto."

Nilichojifunza si kikubwa. Nilidhani habari ya mali hukaa kwenye karatasi, na wasio na karatasi ndio hupotelewa. Karatasi zote zilizowahusu ng'ombe hawa, usajili wa heleni na kiapo cha Masanja, zilikuwa upande wa uongo. Ukweli ulikuwa unanuka.

Miezi ilipita. Siku moja Mama Kulwa alikuja ofisini kwangu na kiroba kingine, nikafungua dirisha kabla hajakaa. Safari hii kilikuwa kimeandikwa jina lake, kwa herufi kubwa zilizopinda. Dume mmoja alikuwa amekufa kwa homa.

"Pole," nilimwambia.

Alikuwa anatabasamu, machozi yakimtoka. "Mama Zuhura, nilikaa kwenye ndoa miaka kumi na saba," alisema. "Leo ndiyo mara ya kwanza mtu ananiletea hesabu."