Séraphine na Mbwa Asiyejua Nyasi

Mwaka wa 1957, katika mtaa mpya wa Bagira, hapakuwa na sakafu iliyong'aa kama ya Séraphine. Ilikuwa sementi kama za majirani zake wote, lakini yeye aliipaka nta nyekundu kila Jumatano na Jumamosi, kisha akaweka blanketi kuukuu chini ya nyayo na kuteleza nalo huku na huku kama mtu anayecheza dansi. Wageni walivua viatu mlangoni bila kuambiwa.

Basi jioni moja mumewe Grégoire, karani wa ofisi moja mjini, akarudi na mbwa. Mkubwa wake Mbelgiji alikuwa amerudi kwao moja kwa moja, akamwachia. Alikuwa mbwa jike wa miaka miwili, wa rangi ya kahawia, masikio yakining'inia, jina lake Bijou.

"Mama Colombe," Grégoire alisema, akimwita mkewe kwa jina la binti yao, "angalia imbwa! Huyu iko na éducation, na adabu, kupita batu mingi ba hapa."

Bijou akatembea polepole hadi katikati ya salon, sebule yao, akachuchumaa, akakojoa.

"Éducation njo ile?" Séraphine akauliza.

Siku hiyo alicheka. Kesho yake alicheka kidogo. Siku ya nne hakucheka hata chembe, maana Mademoiselle, mwalimu wa Kizungu wa Foyer, pale walipofundishwa wake wa makarani kushona na kutunza nyumba, alikuwa ametangaza mashindano. Baada ya majuma matatu angepita nyumba kwa nyumba kutafuta iliyo safi kuliko zote, na Bagira nzima ilikuwa imeshampa Séraphine ushindi.

Kwao Séraphine, huko Ngweshe, mbwa ni wa kuwinda. Huvikwa kengele ya mti shingoni, hulala nje, na hakuna anayemuuliza anakojoa wapi. Lakini Grégoire hakutaka kusikia habari ya nje. Dawa yake ilikuwa kumburuta Bijou mpaka kwenye kidimbwi cha mkojo, kumkandamiza pua pale pale na kupiga kelele. Kila alipopiga kelele, Bijou alijikunyata na kukojoa tena.

"Iko na kichwa nguvu," Grégoire akasema.

"Hapana, Papa Colombe. Iko na woga. Ata weye, mukubwa akikupigia makelele vile, utakauka?"

Grégoire akamwachia mbwa, kwa maana aliwafahamu wakubwa.

Séraphine akaanza kumtoa nje mwenyewe, asubuhi, baada ya chakula, na kila alipoamka usingizini. Ikawa ajabu nyingine. Bijou alisimama kwenye nyasi akiinua mguu mmoja baada ya mwingine, kana kwamba ardhi inamchoma. Walikaa hapo saa nzima, Séraphine akimenya maharage, mbwa akitazama mawingu juu ya ziwa. Wakirudi ndani, kabla hata mlango haujafungwa, sakafu ilikuwa imelowa.

Jumapili, baada ya misa, alimfuata Honoré, mzee aliyekuwa mpishi wa yule Mbelgiji.

"Ah, Bijou!" Honoré akasema. "Maskini. Tangu butoto bwake banamufunga mu garage ya motokari, pa sementi. Njo mule analala, njo mule anafanya yote. Majani hajui."

Séraphine akaelewa. Kumbe mbwa hakuwa mkaidi. Alikuwa amefundishwa vizuri kabisa, ila alifundishwa sementi.

"Na unaosha na nini?" Honoré akauliza.

"Sabuni."

"Sabuni inaosha macho yako, haioshe pua ya imbwa. Tia siki."

Siku ile ile alisugua salon yote kwa siki mpaka macho yakamtoka machozi. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, mahali wajenzi walipoacha kipande kipana cha sementi, akakisukuma kwa magoti na mikono hadi kwenye migomba. Juu yake akaweka kitambaa alichokuwa amepangusia mkojo. Akamleta Bijou kwa kamba, akasimama, akangoja.

Bijou akanusa. Akazunguka mara mbili. Akachuchumaa.

"Ahsante Mungu!" Séraphine alipaza sauti hata majirani wakatoka wakidhani kuna msiba, wakamkuta akimlisha mbwa ndagala, dagaa wa Uvira, huku akimwita mama yangu, malkia wangu.

Kila siku akatupa udongo kidogo juu ya sementi, kisha majani makavu, kisha akapanda nyasi kando. Juma la pili lilipokwisha, Bijou hakuhitaji tena kile kipande.

Alibaki Grégoire. Aliporudi kazini akiita kwa sauti kuu, mbwa bado alimloweshea viatu. Séraphine akampa amri: aingie kimya, achuchumae kiubavu, atazame ukuta. Hivyo kila jioni karani mwenye tai alionekana amechuchumaa mlangoni pake, na jirani mmoja akauliza kama ameingia dini mpya.

Siku ya mashindano ikafika. Mademoiselle alikuwa katikati ya swali juu ya maji ya kuchemsha, daftari mkononi, Bijou alipoinuka na kukwaruza mlango. Séraphine akatazama daftari, akatazama mbwa.

"Pardon, Mademoiselle," akasema, akamtoa mbwa nje.

Aliporudi, Mademoiselle alikuwa amesimama dirishani.

"Yeye naomba kutoka?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha kizungu. "Nani nafundisha yeye?"

"Ni mimi."

Mademoiselle akakaa chini, akakiri kwamba naye ana mbwa kijana nyumbani, na kwamba mazulia yake yote mawili ameshayatupa.

Zawadi ilimwendea jirani yao Georgette, aliyekuwa na mapazia ya maua. Grégoire alinung'unika siku mbili. Séraphine aliumia pia, hakuficha, lakini hakupata muda wa kuumia sana. Jumamosi gari dogo lilipanda mlima wa Bagira, Mademoiselle akashuka akivutwa na mbwa mweusi, akamnyooshea Séraphine kamba.

Séraphine hakuipokea. Alileta kiti, akaketi mwenyewe kivulini mwa migomba.

"Hapana, Mademoiselle. Leo utasimama weye. Mi nitakuonesha."