Ngome ya Sandoa

Mu ile miaka ya Zaïre, pale Musonoi, kambi ya bafanyakazi ba mugodi, bantu balitafuta foni juu ya bitu bibili: bei ya mahindi na kilio, ni kusema habari ya kufiwa. Foni ni radio ya kusemea na bantu ba mbali. Unafinya kifungo, unasema, unamalizia na "à vous", ni kusema zamu yako, unaachia, njo mwenzako anajibu. Na kila mwenye foni mu ile njia ya mawimbi anasikia yote, hata kama haimuhusu.

Jirani yangu, muchuuzi wa Kasai, alikuwa nayo mu butiki, waya yake imefungwa kwa muti wa avoka ambao haujazaa hata siku moja, lakini ile ni habari ingine. Ye njo aliachiwa na mwalimu muzungu kisanduku cha muchezo: bafalme ba zamani, panga, farasi, joka la kutema moto. Mi masomo yangu iliisha mapema, lakini muchezo haukuomba diploma. Unachagua utakuwa nani, jirani anaeleza nini iko mbele yako, unasema unafanya nini, dadu inakata shauri: tano na sita ni ushindi.

Tulicheza kwa foni na bantu ba Sandoa, muji wa mbali. Shemeji yangu, kaka ya bibi yangu, alikuwa kule na foni yake, na mu muchezo alikuwa jitu la kulinda lango la ngome. Mwenye kuingia ngome njo anakuwa mufalme. Mi nilianza mubeba maji. Kiangazi yote niliteseka mpaka kupata farasi mweusi na panga. Nilitaka ile ngome, sifichi. Ku kazi nilikuwa wa kupaka mafuta ku mashini. Hakuna muntu aliniita mufalme.

Lakini kila nikifika ku lango, muntu anaingia mu butiki.

"Tata, shusha panga kidogo," mama mumoja aliniambia, "mi niko na kilio."

Kilio hakishindanwi. Ninashusha. Akimaliza, mwingine anauliza mahindi. Kisha mawimbi inaanza kupiga kelele kama mafuta mu kikaango, na tunaachia mpaka kesho.

Siku moja hakuna mahindi, hakuna kilio, sauti safi. Jirani akarusha dadu: sita. Sikungoja. Nikafinya kifungo: "Weye jitu la kunuka, mudomo kama chungu, ninakukata kichwa. À vous."

Ikatoka sauti ya muzee, polepole:

"Mukwe wangu. Mutoto wangu alienda shamba, aliniachia nafasi. Unasema utakata nini? À vous."

Ni baba ya bibi yangu. Kwetu, mbele ya mukwe hata mufupa hauutafune. Na njia yote ilikuwa inasikia.

"Tata, samehe," nikasema. "Panga naweka chini. Ninapiga magoti. À vous."

"Sheria ni sheria," jirani akaninong'oneza. "Mwenye kuweka panga chini anangojea zamu ya mwingine."

"Asante, mukwe, uko na heshima," muzee akajibu. "Sasa ni zamu yangu? Basi, mi ninakata. À vous."

Dadu ikaanguka tano. Farasi mweusi, panga, kiangazi yote, ikapotea vile tu.

Nilifika nyumbani, bibi yangu alikuwa anasonga bukari. Habari ilinitangulia.

"Baba alikukata?"

"Alinikata."

"Muzuri. Chungu ni mudomo yako."

Nilianza tena, mubeba maji. Lakini muzee alionja utamu: hakurudisha nafasi ya jitu. Shemeji naye akahamia upande wetu mu muchezo, akafika ku lango, akasimama pale na panga mukononi. Nani atamukata baba yake? Jirani alikuwa anarusha dadu bure. Tulizunguka ile ngome babili, mi na shemeji, tunasalimia.

"Mumeamka, batoto?" muzee anauliza toka juu ya ukuta. "Leteni maji. À vous."

Na mi ninaleta.