Mbuzi ya Nazi Haiendi Malta

Nilikuwa nakanda unga wa chapati mume wangu alipoingia jikoni, koti bado mwilini, akipunga bahasha ya tiketi. "Malta! Sote watano, wiki nzima!" Watoto wetu wawili wakaruka, wakauliza kwa Kiingereza kama kuna bwawa la kuogelea. Mimi niliuliza kama kuna jiko.

"Ni hoteli, mke wangu. Hupiki hata yai."

Ningeruka na mimi, ila mikono ilijaa unga.

Mama mkwe, Mpemba asiyesafiri bila vyombo vyake, tayari alikuwa anaifunga mbuzi ya kukunia nazi ndani ya kanga.

"Mama, hiyo hatuendi nayo."

"Nazi mtakuna kwa meno?"

"Wanapika wenyewe. Sisi tunakaa tu, tunaletewa."

Akanitazama. "Hata mimi?"

"Hata wewe."

Akairudisha mbuzi chini ya sinki, akanawa mikono.

Siku zote hunisaidia kupakua, naye hula mwisho. Jioni ile nilipoleta chapati na mchuzi, nilihesabu wanne mezani, na yeye ndiye aliyetangulia kukaa.

"Lete, mwanangu," akasema akicheka. "Nafanya mazoezi."

Mazoezi yangu, naona, yataanzia Malta.