Mwambie Mama Nimefunga

Mama aliuza ndizi soko la Kyimo, na mikono yangu ilijifunza kazi pale pale. Lori likija tulijipanga kupitisha mikungu, mama akinirushia mimi, nami nikimrushia aliye juu. Ukiukumbatia mkungu hata kidogo, alikufokea.

"Usiulee. Kuna mtu anausubiri."

Miaka mingi baadaye kocha mmoja wa raga kule Dar es Salaam aliniona nikitoa mpira, akauliza nilifundishwa wapi. Nikamwambia sokoni. Alidhani namkejeli.

Nikawa namba tisa wa timu ya taifa. Kwa wasioijua raga, na kwetu Tukuyu karibu nzima haiijui, namba tisa ni yule mfupi anayesimama nyuma ya majitu yaliyoinama yakisukumana. Anauchomoa mpira miguuni mwao na kuwapa wenzake wakimbie nao. Wanaofunga ni wengine. Hilo mama hakulikubali hata siku moja. Kila baada ya mechi nilimpigia simu, niwe Kampala au Kigali, naye aliuliza lile lile kabla salamu hazijaisha.

"Umefunga?"

"Hapana, mama. Mimi natoa tu."

"Basi wewe ni hausiboi wao, mwanangu." Kisha anacheka, ananishukuru kwa kilugha chetu. "Ndaga. Njoo ule."

Nilicheka naye, lakini liliniuma. Jirani zake pale nyumbani Ibighi walikuwa na watoto waliowajengea nyumba. Mimi nilirudi na jezi na bega bovu. Nilitaka kufunga mara moja tu, ili naye awe na la kujibu.

Safari ya Nairobi nilimwacha akiumwa kifua. Alisema ni baridi tu, na kweli mvua ya kwetu haina likizo. Siku ya kuamkia mechi simu yake ilipokelewa na dada yangu. Mama amelala, alisema. Sikushangaa, mgonjwa hulala.

Tulicheza kwenye tope. Mwishoni tulisukumana karibu kabisa na mstari wao, nikatazama pembeni nikaona wenzangu wote wamebanwa. Kwa mara ya kwanza sikutoa. Niliuficha mpira kifuani, nikapita kando ya lile rundo la watu na kuanguka na mpira ng'ambo ya mstari, na raga hufungwa hivyo. Bado tulishindwa, na sikujali. Nilimpigia dada nikiwa na tope hadi masikioni.

"Mwambie mama nimefunga."

Nyuma yake nilisikia watu wakiimba, nikadhani ni kwaya ya jirani iko mazoezini.

"Nitamwambia," akasema.

Ukoo wetu haumpi mtu habari ya msiba akiwa safarini. Anaambiwa mgonjwa amezidiwa, aje; akifika anakutana na turubai uani. Wanasema habari hiyo humvunja mtu miguu mahali asipo na wa kumwinua. Baba mkubwa, aliyetusimamia tangu baba afariki, aliamua hivyo, akaongeza kwamba nimevaa bendera, niachwe nimalize. Mwili nao, alisema, hauwezi kungoja mpira. Najua alidhani ananihurumia.

Niliposhuka stendi, kijana wa bodaboda aliyezoea kunitania alichukua begi langu bila neno. Nyumbani hata turubai lilikuwa limeshakunjwa. Kaburi lilikuwa kando ya migomba yake, udongo mbichi, umeshindiliwa vizuri. Nilimtukana baba mkubwa mbele ya wazee, na mpaka leo sijamwomba radhi. Nyumba nzima waliilea ile habari, na mwenye kuisubiri nilikuwa mimi.

Nilicheza msimu mmoja tena. Mikono ilifanya kazi yake kama zamani, lakini kila filimbi ya mwisho ikilia nilishika simu, halafu nakumbuka. Watu niliwaambia nimeacha kwa sababu ya bega.

Niliyemkasirikia kuliko wote ni dada, kwa ile "nitamwambia" yake. Sikuzungumza naye mpaka siku tuliyokutana kaburini tukipalilia. Nikamuuliza kwa nini alinidanganya.

Hakuacha kung'oa majani.

"Sikukudanganya. Ulipopiga simu tulikuwa tumesimama hapa, jeneza linashushwa. Nikapiga magoti pale ukingoni, nikamwambia umefunga. Watu walidhani nimechanganyikiwa, wakanivuta nyuma. Lakini nilikuwa nimeshamwambia."